Buibui wa Mbita na mbu aliyeshiba

Ukikuta buibui mdogo ukutani, kabla hujavua ndara umponde, mtazame macho. Buibui-kaa ana vijicho vya safu mbili, mwili bapa, na miguu ya mbele mirefu na minene aliyoitanua kwa ubavu. Akishtuka huenda upande. Hatandi utando wa kunasia windo, bali hujibanza kwenye majani makavu hadi mdudu amfikie. Buibui mrukaji hangoji hivyo. Ana macho mawili makubwa mbele, mithili ya taa za matatu, na ukisogea hugeuka akuangalie.

Mrukaji wa kumjua hapa kwetu ni Evarcha culicivora, anayeishi kando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Ana rangi ya kahawia na urefu wa milimita 5 hivi. Dume ana uso mwekundu. Wanasayansi Wanda Wesołowska na Robert Jackson ndio waliomwelezea mwaka 2003. Akipumzika hujificha nyasini karibu na ardhi. Njaa ikimbana hupanda mashina ya miti na kuta za nyumba.

Anachokitafuta ni damu, ila meno yake hayawezi kutoboa ngozi ya mtu. Basi humla mbu jike aliyekwisha kunywa. Mwaka 2005 Jackson na wenzake walionyesha, kwa utafiti uliofanywa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kule Mbita, Kenya, kwamba huyu buibui humchagua mbu mwenye damu na kuwaacha wadudu wa ziwani wanaotuzonga jioni, ingawa hao ndio tele. Humtambua kwa macho, na hata kwa harufu peke yake.

Watoto wake wana ujuzi wa ajabu zaidi. Mbu wa malaria, Anopheles, akitua huinua tumbo juu, na chini yake hubaki uwazi. Buibui mchanga, mdogo kuliko mbu mwenyewe, huzunguka kwa nyuma, hunyemelea hadi chini ya lile tumbo, kisha humrukia kutoka chini. Mbu akiruka, mtoto huning'inia naye hadi sumu imwangushe.

Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson walimjaribu buibui huyu kwa soksi. Naam, soksi: hewa iliyopita kwenye soksi iliyovaliwa ilimvutia kuliko ile ya soksi safi. Palipo na jasho la mtu, mbu hawako mbali. Hilo halimfanyi kuwa dawa ya malaria, na chandarua kibaki kitandani. Mbu wa ziwa zima hawamalizwi na buibui.

Damu humfaa hata kwenye uchumba. Aliyekula mbu mwenye damu hutoa harufu inayowavutia wa jinsia ya pili, dume kwa jike. Pia huvutiwa na harufu ya lantana, kile kichaka chenye vishada vya maua ya rangi mbalimbali kilichojaa kwenye nyua zetu, na hunywa nekta.