Mto Nairobi na Bustani ya Michuki: Kazi ya Mimea Ukingoni

Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mto wenye jina hilo huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, hupita katikati ya jiji, kisha huingia katika Mto Athi, ambao maji yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Njiani hupokea uchafu mwingi wa jiji.

Karibu na mzunguko wa Globe, penye msongamano wa magari, ipo Bustani ya Ukumbusho ya Michuki. Zamani mahali hapo palikuwa jaa la taka. Kazi ya kupasafisha ilianza mwaka 2008, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, na baada ya kifo chake mwaka 2012 bustani ikapewa jina lake. Baadaye ilizorota, ikatengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2020, ikiwa na njia za miguu, miti na mahali pa kupumzikia. Kwa mwanafunzi wa sayansi, bustani ya namna hii ni maabara pia.

Je, mimea ya ukingoni hufanya kazi gani? Kwanza, mizizi hushikamanisha udongo ili usimomonyoke. Pili, nyasi na majani yaliyoanguka hupunguza kasi ya maji ya mvua yatokayo nchi kavu. Maji hayo hupata nafasi ya kuzama ardhini na kuacha matope kabla ya kufika mtoni. Tatu, kivuli hupunguza joto la maji. Maji safi yenye nyuzi 20 za Sentigredi, katika usawa wa bahari, huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama miligramu 7.5 tu.

Lakini mimea hiyo haiwezi kutibu kila dhara. Maji ya vyoo na taka yakimwagwa mtoni, bakteria huziozesha taka hizo na kuitumia oksijeni iliyomo majini. Ikiisha, samaki hufa na mto hutoa harufu mbaya. Mimea ya ukingoni huchuja maji yanayopita juu ya ardhi kuelekea mtoni. Maji ambayo tayari yamo mtoni hupita mbele yake upesi mno.

Wanafunzi waweza kuthibitisha jambo hili katika mto wowote ulio karibu na shule, wakiwa pamoja na mwalimu na bila kugusa maji machafu. Pimeni mita 10 za ukingo, tupeni jani majini, na hesabuni sekunde litakazotumia. Likitumia sekunde 20, kasi ya maji ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, maji hupita bustani yenye urefu wa mita 600 kwa dakika 20 tu. Muda huo hautoshi kabisa kuyasafisha.

Basi bustani ni jambo jema, nayo yastahili kutunzwa. Hata hivyo, usafi wa mto hutegemea mifereji ya maji machafu, viwanda na nyumba zote zilizo juu yake, tangu chanzo chake.