Mtuhumiwa Akikiri, Kesi Ndiyo Kwanza Inaanza

Anayefuatilia sizoni za upelelezi anajua mapema kitakachotokea sehemu ya kabla ya mwisho. Mpelelezi anafunga mlango wa chumba cha mahojiano, anatandaza picha mezani, anapandisha sauti, na mtuhumiwa aliyekana tangu sehemu ya kwanza analegea na kukiri. Sehemu inayobaki ni ya pingu na machozi. Iwe ni kwenye kibanda umiza cha Tandika au sebuleni Mwananyamala, watu wananyanyuka wakiamini kwamba mwizi kapatikana na shauri limekwisha.

Kwa sheria ya Tanzania, hapo shauri linakuwa bado bichi. Kukiri mbele ya polisi ni ushahidi, tena mzito, lakini ni ushahidi unaobishaniwa sana mahakamani. Kesi nyingi za mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha husimama au huanguka kwa karatasi moja: maelezo ya onyo ya mtuhumiwa.

Chukua 24, sizoni ya Marekani iliyoanza kurushwa mwaka 2001 na kupata wapenzi wengi hapa kwetu. Msimu wa kawaida una sehemu 24, kila sehemu ni saa moja, na zote hutokea ndani ya siku moja. Mhusika mkuu, Jack Bauer, hana muda wa kupoteza, bomu linakaribia kulipuka, basi aliyekamatwa lazima aseme. Akibanwa sawasawa husema, na mara nyingi anachosema ni kweli. Mtazamaji haoni ubaya kwa sababu kamera imekwisha kumwonyesha nani alifanya nini. Hakimu wa Mahakama ya Kisutu hakuonyeshwa kitu. Yeye anaanza na watu wawili wanaopingana, askari anayesema "alikiri kwa hiari yake" na mshitakiwa anayesema "nilipigwa", naye hakuwepo chumbani. Taratibu zote zinazofuata zimewekwa ili kumsaidia mtu huyo ambaye hakuwepo.

Utaratibu wa kwanza unahusu anayeandika. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, ambayo ilirithi mengi kutoka sheria ya India ya 1872, inaruhusu kukiri mbele ya polisi kutumika mahakamani, ingawa India yenyewe mpaka leo hairuhusu. Lakini polisi anayetajwa hapo ni wa cheo cha koplo kwenda juu. Mgambo wa mtaani hayumo, wala konstebo.

Wa pili unahusu muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Afisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza muda usiozidi saa 8, na mtuhumiwa aambiwe. Ukihitajika zaidi ya huo, aombwe hakimu. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa, au wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeitwa, hauhesabiwi. Maelezo yaliyoandikwa siku mbili baada ya mtu kukamatwa, bila sababu ya kueleweka, yamewahi kuondolewa kwenye kumbukumbu za mahakama zaidi ya mara moja.

Wa tatu ni onyo lenyewe. Kabla ya kuulizwa swali, mtuhumiwa anatakiwa kuambiwa jina na cheo cha anayemhoji, kosa analotuhumiwa, kwamba halazimiki kujibu, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Aambiwe hayo kwa lugha anayoielewa, na aelezwe kuwa anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maneno haya wengi tunayadhani ni ya polisi wa Marekani tu, kwa kuwa ndiko tulikoyasikia kwanza. Ni ya vituo vya Chang'ombe na Oysterbay vilevile.

Baada ya polisi, mtuhumiwa anaweza kupelekwa kwa mlinzi wa amani, mara nyingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Huyu huwatoa askari nje, humwuliza mtuhumiwa kama amekuja kwa hiari, na humkagua mwili kuona kama ana majeraha. Hapo ndipo mahali pa kusema "nimeumizwa", maana jibu linaandikwa. Anayenyamaza mbele ya mlinzi wa amani, kisha akalalamika kizimbani miaka mitatu baadaye, amejipunguzia nguvu mwenyewe.

Siku ya kesi, wakili wa serikali anaomba maelezo hayo yapokelewe na upande wa utetezi unapinga. Mbele ya Mahakama Kuu, shauri kubwa linasimamishwa na kunafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi kuu. Swali linakuwa moja tu: je, alikiri kwa hiari? Askari aliyeandika anapanda kizimbani, daftari la kituo linafunguliwa, saa ya kukamatwa inalinganishwa na saa iliyoandikwa juu ya karatasi. Mzigo wa kuthibitisha hiari uko kwa mashtaka. Mshitakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba alipigwa, ila wao wathibitishe kwamba hakupigwa, hakutishwa wala hakuahidiwa kitu.

Hata maelezo yakipokelewa, bado hayajaaminiwa. Mahakama zetu zinaendelea kufuata kesi ya Tuwamoi, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1967: mtu akikana alichokiri, hakimu atafute ushahidi mwingine wa kukiunga mkono, au aridhike kabisa kwamba kukiri kule hakuwezi kuwa kitu kingine ila ukweli. Panga likikutwa pale pale aliposema alilificha, maneno yake yanapata mguu wa kusimamia. Na mtu akikiri huku akimtaja mwenzake, maneno hayo peke yake hayatoshi kumtia mwenzake hatiani.

Anayeona taratibu hizi ni kuwabembeleza wahalifu akumbuke Januari 2006. Tarehe 14 ya mwezi huo wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, pamoja na dereva teksi, waliuawa mikononi mwa polisi wa Dar es Salaam. Taarifa ya kwanza ilisema ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi Sinza. Ilikuwa hadithi kamili, yenye mahali, silaha na mwisho, na kwa mwandishi wa sizoni ingetosha. Ndugu wa marehemu hawakuikubali. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume iliyoongozwa na Jaji Mussa Kipenka, ikabainika kwamba majibizano hayakuwepo, na kwamba watu wale walikamatwa wakiwa hai kisha wakauawa katika msitu wa Pande.

Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, alishitakiwa pamoja na askari wengine. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Salum Massati, iliwaachia huru. Mtaani watu walikuwa wamekwisha hukumu, na wengi walikasirika. Serikali ilikata rufaa, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani askari mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa, huku Zombe na wengine wawili wakibaki huru. Kila mshitakiwa alipimwa kwa ushahidi unaomgusa yeye. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kanuni iliyokosekana kwa wale wanne msituni ndiyo iliyotumika kwa waliotuhumiwa kuwaua. Ilichukua zaidi ya miaka 10.

Urefu huo nao hauonekani kwenye runinga. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012. Mwigizaji mwenzake alishitakiwa kwa mauaji, shitaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na hukumu ikasomwa tarehe 13 Novemba 2017. Msomaji wa magazeti anaijua sentensi isemayo mshitakiwa "hakutakiwa kujibu lolote". Maana yake ni kwamba shitaka la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na hakimu wa chini analipokea tu mpaka upelelezi ukamilike. Hatuna jopo la raia kumi na wawili wanaoamua kama kwenye filamu za Marekani. Anayeamua ni jaji, na lazima aandike sababu.

Basi ndugu yako akichukuliwa leo Mbagala au Magomeni, andika saa aliyokamatwa, waliomkamata na kituo alikopelekwa. Nenda kituoni ujulikane kwamba umefika, uliza anatuhumiwa kwa kosa gani na nani anasimamia jalada lake. Ukipata nafasi ya kuzungumza naye, mwambie asitie saini maelezo ambayo hajasomewa akayaelewa, na kwamba ana haki ya kusahihisha kisichokuwa chake. Akiwa hana uwezo wa kuweka wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa njia ya kuomba.

Na kwa waandishi wa sizoni zetu, kesi ndogo ndani ya kesi kuu ni mali ambayo bado haijachimbwa. Mkiwapandisha kizimbani koplo na mtuhumiwa, daftari la kituo likiwa mezani na saa zake hazilingani, mtazamaji wa Tandika atalazimika kufanya kile ambacho Jack Bauer hakuwahi kumtaka afanye: kuamua nani anasema kweli bila kamera kumnong'oneza jibu.