Kumsomesha Mtoto Nyumbani: Faida Zake na Mipaka Yake

SWALI:
Mimi ni mkulima wa ufuta, Kilangala, mkoa wa Lindi. Shule iko mbali na njiani wanangu wanajifunza matusi. Nataka niwatoe, niwasomeshe mwenyewe nyumbani. Je, inafaa?

JIBU:
Sifa njema zote anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu yetu, kusomesha nyumbani kuna asili katika dini. Makka, Waislamu wa mwanzo walisomea katika nyumba ya Al-Arqam. Madina, Bi Aisha (Radhiya Allaahu 'anhaa) aliulizwa nyumbani kwake na Swahaba wakubwa. Na katika Suratu Luqmaan tunamwona baba akimfunza mwanawe Tawhidi, kisha Swala, kisha namna ya kutembea na kuteremsha sauti. Hapa mwambao pia, watoto wengi wameanzia alifu barazani kwa mwalimu.

Faida zake ni nyingi. Mtoto huiga anayoyaona kabla ya anayoambiwa. Mzazi humjua mwanawe amekwama herufi gani, jambo ambalo ni zito kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa. Na mambo ya tohara na kubaleghe, binti atamuuliza mama yake kwa utulivu kuliko mtu mwingine.

Lakini kuwatoa shule hatukushauri. Kwanza, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Pili, ukunga, udaktari na hesabu ni fardhi kifaya. Tukiwatoa wanetu, nani atawazalisha wake zetu? Tatu, wewe ni mkulima. Unajua hali ya asiyeweza kusoma mzani wala karatasi ya stakabadhi ghalani: jasho lake huhesabiwa na mwengine. Na tunaogopa "kusomea nyumbani" kusije kukawa kisingizio cha kumweka binti jikoni.

Basi changanya yote mawili. Chukua saa moja baina ya Magharibi na Isha, simu ziwekwe mbali. Qur'ani kwanza, kisha daftari la shule. Msimu wa ufuta, mwache mtoto azidishe kilo kwa bei mbele yako. Kama hujui kusoma, mwambie akusomee, nawe usikilize. Hiyo pia ni malezi. Kuhusu njia, zungumzeni wazazi wa mtaa, watoto waende pamoja na mkubwa mmoja awasindikize kwa zamu.

Nasaha hii ni kwa familia za visiwani pia, hasa baba anapokwenda dago na mama akabaki peke yake na watoto. Saa moja kila usiku ni zaidi ya saa 350 kwa mwaka. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametufundisha kuwa kila mmoja ni mchunga na ataulizwa. Shule hutusaidia kuchunga, lakini wa kuulizwa ni sisi.

Wallaahu a'lam.