Neno la Gavana Si Mkataba

“Gavana aliyenipa kazi ameondoka, na huyu mpya hataki kulipa. Nimshtaki vipi?” Kila baada ya uchaguzi naulizwa swali hili, na kila mara limeanzia pabaya. Aliyekupa kazi si hoja. Hoja ni kama una mkataba, nani aliutia saini, na kama pesa zake zilikuwa kwenye bajeti.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 6, inasema mkataba uliofungwa kihalali unaifunga kaunti. Kwa hiyo gavana mpya hawezi kuukana kwa sababu tu ulifungwa na mtangulizi wake. Lakini usipokuwa halali, haukumfunga hata huyo mtangulizi.

Imani inayowafilisi wakandarasi wadogo ni kwamba gavana, waziri wa kaunti au mwakilishi wadi akikuagiza umwage kifusi barabarani, tayari kaunti imeingia mkataba nawe. Haijaingia! Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, mwenye jukumu la ununuzi ni afisa mhasibu: kwa kawaida afisa mkuu wa idara upande wa serikali, na karani upande wa bunge la kaunti. Afisa huyo naye amewekewa mipaka. Haruhusiwi kuanzisha ununuzi kabla ya kuhakikisha fedha zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Akiuanzisha kwa kujua bila kuhakikisha, ametenda kosa. Kifungu cha 135 kinataka mkataba wa maandishi na kinatamka kwamba hakuna mkataba hadi pande zote zitie saini. Saini hiyo haitiwi kabla ya siku 14 kupita tangu washindani waarifiwe matokeo. Hata barua ya kukueleza kwamba umeshinda zabuni si mkataba.

“Lakini kazi niliifanya!” Naam, na unazo picha za greda, risiti za dizeli na jumbe za simu za mwakilishi wadi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ililikataa dai la Royal Media Services dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, kuhusu matangazo yaliyokwisha kurushwa hewani, kwa kuwa sheria ya ununuzi haikufuatwa. Ikiwa kampuni kubwa ya habari iligonga mwamba hapo, picha zako za greda zitakufikisha wapi? Uamuzi huo ni mchungu, ila fedha hizo ni za mlipa kodi, na Katiba, ibara ya 227, inadai ununuzi wa haki, wazi na wa ushindani.

Kuna pia madalali wanaouza LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, ya tarehe za nyuma kama tiba. Ogopa! Huko ni kughushi hati, na mdai hugeuka mshtakiwa.

Basi fanya hivi. Usipeleke chochote kabla ya kuona saini ya afisa mhasibu na fungu la bajeti. Ukiombwa kazi ya ziada, dai marekebisho ya maandishi. Nyongeza zote kwa jumla zisipandishe bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Ukimaliza, pata cheti cha kamati ya ukaguzi na upokezi, kisha wasilisha ankara na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukinyimwa zabuni isivyo haki, nenda kwenye bodi ya rufaa za ununuzi ndani ya siku 14. Ukishinda kesi ya deni, usitafute dalali wa mnada, kwa kuwa mali ya kaunti haikamatwi. Chukua cheti cha amri ya mahakama, kisha omba amri ya kumshurutisha afisa husika alipe. Na aliyekwisha kuanza bila karatasi asimamishe kazi leo, maana kila lori analoongeza ni hasara juu ya hasara.