Somo nyumbani, zoezi darasani: nani anafaidika kweli?

Katika vyuo vikuu vingi vya Kongo, mwanafunzi ananunua silabusi, kisha anakuja kumsikiliza mwalimu akiisoma. Saa inaisha kabla ya zoezi la kwanza. Zoezi linaenda nyumbani, ambako mara nyingi hakuna mtu wa kumuuliza.

Kuna njia ya kufundisha inayogeuza utaratibu huo. Mwanafunzi anapata maelezo ya somo kabla ya kuja, kwa video au kwa kusoma. Saa ya darasani inabaki kwa mazoezi na maswali, mwalimu akipita kati ya mabenchi.

Njia hiyo ilijulikana sana kutoka Marekani. Mwaka 2007, walimu wawili wa kemia wa Woodland Park, jimboni Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa darasa. Lakini hata waliohudhuria walizitazama video hizo, maana waliweza kuzisimamisha na kurudia pale walipokwama. Kwa wanaotetea njia hii, faida ni hiyo: mwanafunzi anaongoza mwenyewe mwendo wa masomo yake.

Je, anaelewa zaidi? Watafiti walipima jambo hilo katika chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, kwa wanafunzi zaidi ya 1,300 wa hesabu na uchumi. Madarasa ya kufuata njia mpya yalichaguliwa kwa kura. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanaonyesha kwamba alama za hesabu zilipanda kwa muda mfupi, lakini faida hiyo haikuonekana tena katika mtihani wa mwisho. Katika uchumi hakuna kilichobadilika. Zaidi ya hayo, waliofaidika hasa ni wanafunzi weupe, wa kiume na waliokuwa tayari na alama nzuri. Pengo likapanuka.

Na wanafunzi wa West Point wote wanaishi chuoni, wakiwa na umeme na kompyuta. Huku kwetu, mmoja ana simu na mega, mwingine anasoma kwa mwanga wa tochi baada ya kuchota maji. Mwezi wa tatu 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, masomo yalipita redioni na kwenye televisheni. Nyumba isiyo na redio ilibaki nje.

Hata hivyo, video si lazima. Kuanzia mwaka 1991, Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwataka wanafunzi wasome kabla ya somo. Darasani aliuliza swali. Kila mmoja alijibu peke yake, akajadiliana na jirani yake, kisha akajibu tena. Katika ukumbi wenye watu mia mbili, jirani anasaidia pale mwalimu asipoweza kufika.

Kwa hiyo mwalimu wa Kongo anayetaka kujaribu anaweza kuanza na silabusi iliyopo: kurasa mbili za kusoma, swali moja la kuleta. Dakika kumi za mwanzo ziachwe kwa wale ambao usiku uliopita hawakuwa na mwanga, wasome wakiwa wawili wawili. Bila dakika hizo, aliyekuwa nyuma atazidi kubaki nyuma.