Lodwar, Kakuma na Lokitaung: Mwendo wa Angani na Saa za Safari

Atazamaye ramani ya Turkana huona Lodwar, Kakuma na Lokitaung zimekaa mfano wa mafiga matatu, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Kwa mstari ulionyoka, Lodwar hadi Kakuma ni yapata kilomita 105. Kakuma hadi Lokitaung yapata 115. Na Lokitaung hadi Lodwar yapata 130. Eropleni ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa yaweza kumaliza safari hizo kwa dakika 21, 23 na 26. Kwa gari safari ni ndefu zaidi, hasa ya Lokitaung, kwa kuwa njia hupinda na kuvuka laga, yaani mito mikavu ambayo mvua ikinyesha hujaa ghafula na kumzuia msafiri.

Lakini hesabu ya angani nayo ina mambo yake. Kati ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya pana uwazi mfano wa mlango, na upepo wa kusini-mashariki hupita humo kwa nguvu, hasa usiku na asubuhi. Ikiwa kasi ya upepo huo ni kilomita 50 kwa saa, eropleni itokayo Lodwar husukumwa na kufika Kakuma kwa dakika 18, bali kurudi huchukua dakika 25. Watu wa pwani husema dau la mnyonge haliendi joshi. Eropleni huenda joshi, lakini hulipa kwa dakika na mafuta. Na safari hiyo ya kurudi ndiyo ya mgonjwa apelekwaye hospitali kubwa ya Lodwar.

Tena, dakika hizo ni za eropleni iliyokwisha kuwapo uwanjani. Ikiitwa kutoka Nairobi, hadi Lokitaung ni zaidi ya kilomita 600, nayo ni saa mbili na zaidi kabla mgonjwa hajapakiwa.

Umbali huo ndio ulioifanya Serikali ya Kikoloni kuichagua Lokitaung. Jomo Kenyatta alipokamatwa Oktoba 1952 alipelekwa huko kwa eropleni. Na baada ya kesi ya Kapenguria alifungwa huko hadi mwaka 1959, alipohamishiwa Lodwar. Kwa mfungwa mmoja chombo kilipatikana mara moja. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu, msaada wa namna hiyo ulikuwa haujaanza: huduma ya madaktari wa angani ya AMREF ilianzishwa mwaka 1957.

Kwa hiyo wapangao safari za wagonjwa wasianze hesabu uwanjani. Waanze mlangoni pa mgonjwa: saa za kufikisha habari, za kumchukua hadi kiwanjani, na za kungoja chombo. Baada ya hayo ndipo waongeze zile dakika 26.