Hasheem Thabeet: Mkata umeme aliyepewa bei ya straika

KIJIWENI Kariakoo, kati ya Msimbazi kwa Simba na Jangwani kwa Yanga, habari za kikapu hazidumu dakika tano. Zikidumu, ujue limetajwa jina la Hasheem Thabeet, na mara nyingi anatajwa kama mtu aliyepata bahati akaichezea.

Hukumu hiyo ni kali mno.

Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam Februari 16, 1987, alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Umri huo vijana wa Marekani wameshaucheza tangu utotoni. Alichokuwa nacho ni kitu ambacho hakuna kocha anayekifundisha: urefu wa futi saba na inchi tatu. Urefu huo ukamfikisha Houston kumalizia sekondari, na mwaka 2006 akatua Chuo Kikuu cha Connecticut.

Huko alikuwa beki kisiki hasa. Msimu wa 2008/09 alifuta mipira 4.2 kwa mechi, juu yake pointi 13.6 na ribaundi 10.8. Dhidi ya Providence aliondoka na pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Mara mbili mfululizo akawa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Na hapo hujahesabu wale walioghairi: mtu anakata kuelekea kikapuni, anamwona jamaa kasimama, anarudisha pasi nyuma. Shabiki wa soka anaijua kazi hiyo, haiandikwi popote.

Dalili za shida nazo zilikuwapo. Siku anatimiza miaka 22, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, alimbwaga sakafuni wakigombea mpira, akamaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Ukimpata Thabeet kifuani, ukamsukuma chini, urefu wake ulipungua.

Juni 2009, Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wote, nyuma ya Blake Griffin. James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry wa saba! Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza NBA, na mzigo wake ukaanza siku hiyo hiyo. Ni kama kusajili mkata umeme kwa bei ya straika, halafu kila wikiendi unamuuliza mabao yako wapi.

Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol na Zach Randolph. Dogo akapata dakika 13 kwa mechi, bloku 1.3. Februari 2010 wakamshusha ligi ya maendeleo, Dakota Wizards, na hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Akauzwa Houston 2011, kisha Portland 2012.

Oklahoma City ndiko alikoeleweka. Kevin Durant na Russell Westbrook walikuwa wanafunga, Kendrick Perkins anaanza, Thabeet anatokea benchi. Hakuna aliyemdai pointi. Anaingia, anaweka mwili, anaziba njia, ikibidi anachukua faulo, anatoka. Msimu wa 2012/13 alicheza mechi zaidi ya 60 kwa mtindo huo. Kama angechaguliwa namba 40 badala ya mbili, leo angesifiwa kwa kazi ile ile.

Jumla alicheza mechi 224 za NBA. Mchezaji wa kuokota hafiki huko.

Baadaye alikwenda Japan, akacheza Yokohama, kisha Taiwan. Mwaka 2025, akiwa na miaka 38, alivaa jezi ya Dar City kwenye mbio za kusaka tiketi ya BAL, ligi ya klabu za Afrika. Kazi haijabadilika: anasimama chini ya kikapu, mikono juu, na vijana bado wanafikiria mara mbili kabla ya kuingia.